MBWA WA NYUMBANI: TABIA YAKE, USAFI WAKE NA MAGONJWA YAKE

Ninyi mnaokaa kando ya njia ya Butembo na Beni, na ninyi mnaokaa katika vijiji vilivyo karibu na mashimo ya zahabu, fundisho hili ni lenu. Katika vitabu vya shamba tunasoma sana habari za kahawa, za muhogo, za maharagwe na za mbuzi. Habari za mbwa hatuzisomi mara nyingi. Lakini mbwa analala mlangoni petu, anacheza na watoto wetu, analamba vyungu vyetu. Akiwa mzima, anatusaidia. Akiwa mgonjwa, anaweza kuleta kilio nyumbani. Basi inafaa tumjue vema.

Someni polepole. Ninyi mnaojua kusoma, wasomeeni wazee na mama wasiojua. Sehemu ya 6 na ya 7 zina uzito kuliko zote, kwani ni habari ya uhai wa mtu.

1. KAZI YA MBWA

Mbwa analinda nyumba usiku. Anafukuza nyani katika shamba la mahindi. Anakwenda kuwinda pamoja na bwana wake. Katika msitu wa Ituri, Wambuti hufunga kengele ya mti shingoni mwa mbwa wa kuwinda, kwa sababu mbwa wao hawabweki kama mbwa wengine, na bila kengele mwindaji hawezi kujua wamepita wapi. Mbwa wa namna hiyo walipelekwa Uingereza, na mwaka 1937 wakaonyeshwa mbele ya watu wengi huko London. Wazungu wakawaita Basenji. Leo wanafugwa katika nchi nyingi, na asili yao ni misitu hii yetu ya Kongo.

Katika Parke ya Virunga pia, tangu mwaka 2011, walinzi wa Rumangabo wana mbwa wenye pua kali sana wanaofuata nyayo za majangili. Basi usiseme kwamba mbwa ni kitu bure. Mbwa aliyetunzwa anafanya kazi. Mbwa aliyeachwa anaiba mayai na kuuma watu.

Neno moja kwa watu wanaokwenda mashimoni. Mara nyingi mtu hununua mbwa njiani ili alinde hema lake na vyombo vyake. Hajui mbwa huyo ametoka wapi, wala kama amechanjwa. Siku ya kurudi kijijini anarudi naye. Kumbukeni: mbwa anasafiri pamoja na mtu, na ugonjwa unasafiri pamoja na mbwa.

2. TABIA YA MBWA

Mbwa hana maneno, lakini anasema kwa mkia, kwa masikio, kwa macho na kwa manyoya. Mtu anayejua maneno hayo haumwi ovyo.

Mbwa mwenye furaha mwili wake ni laini, anatikisa mkia pamoja na kiuno. Mbwa mwenye woga anaficha mkia katikati ya miguu, analaza masikio, anageuza uso. Usimkaribie, kwani mwoga akikosa njia ya kukimbia huuma. Mbwa mwenye hasira anasimama kama mti, manyoya ya mgongo yamesimama, mkia uko juu, macho hayahami. Wengine wanafikiri kila mbwa anayetikisa mkia ni mwema. Sivyo. Mkia ulio juu na mgumu, unaotikisika upesi upesi, si wa furaha.

Mbwa akinguruma, anasema: «Rudi nyuma.» Usimpige kwa sababu ya kunguruma. Ukimpiga kila mara, atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma pasipo kukuonya.

Wafundisheni watoto maneno haya matano:
a) Usimguse mbwa anayekula wala anayelala.
b) Usikaribie mbwa mwenye watoto.
c) Usivute mkia wala masikio, usipande mgongoni.
d) Usimtupie mawe mbwa aliyefungwa.
e) Mbwa wa kigeni akikujia, usikimbie. Simama kimya, mikono chini, usimtazame machoni, mpaka apite. Akikuangusha, jikunje, funika shingo na masikio kwa mikono.

Mtoto wa mbwa anajifunza zaidi tangu wiki 3 mpaka karibu miezi 3. Katika siku hizo mshikeni kwa upole, azoee watu, kuku na mbuzi, na mlio wa motokari. Akifanya vema, mpe kipande kidogo cha chakula na umsifu. Akikosa, mkataze papo hapo kwa sauti. Kumpiga baadaye ni kazi bure, hajui unampigia nini. Mbwa anayefungwa kamba fupi mchana kutwa anakuwa mkali kwa watu wote, hata kwa watu wa nyumba. Mfungue saa kadhaa ndani ya lupango.

3. CHAKULA, MAJI NA MALAZI

Wengine husema mbwa ajitafutie chakula. Hiyo ndiyo sababu anazunguka jalalani, anakula mizoga, anapigana na mbwa wa vijiji vingine na kurudi na magonjwa. Mpe chakula mara mbili kwa siku katika chombo chake mwenyewe. Bugali au ndizi zilizopikwa ni vizuri, lakini havitoshi. Changanya na mchuzi, vichwa vya samaki, sambaza au nyama kidogo. Maji safi yawepo kila siku.

Msimpe vitu hivi:
– Mifupa ya kuku iliyopikwa. Inavunjika kama miiba na kutoboa matumbo.
– Muhogo mchungu usiolowekwa. Una sumu kwa mbwa kama ulivyo na sumu kwa mtu.
– Vitunguu, kwani vinaharibu damu yake.
– Kasiksi na pombe nyingine. Watu hucheka wakimwona mbwa mlevi, lakini pombe kidogo tu yaweza kumwua.
– Maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji. Habari yake iko katika sehemu ya 5.

Butembo iko juu, zaidi ya metre 1.700, na usiku wake una baridi. Mtengenezee mbwa mahali pakavu: mbao chini, paa juu, majani makavu ya kulalia. Majani hayo yachomwe na kubadilishwa kila wiki, kwa sababu mayai ya viroboto huanguka ndani yake.

4. USAFI WA MBWA

Mwogeshe mara moja kwa mwezi, au akiwa mchafu sana. Chagua saa ya jua, asubuhi, ili akauke kabla ya jioni. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni. Anza shingoni, shuka mpaka mkia, maliza kwa kichwa. Sabuni isiingie machoni wala maji masikioni. Suuza mpaka povu liishe, kwa maana sabuni iliyobaki inawasha ngozi.

Kila wiki mpitishie kitana au brosi ngumu, na wakati huo mkague:
– Masikio: yakinuka, yakitoa usaha, au mbwa akitikisa kichwa siku nzima, kuna ugonjwa ndani. Futa sehemu ya nje kwa kitambaa; usiingize kijiti.
– Miguu: tazama katikati ya vidole kama kuna funza, miiba au kupe. Kucha ndefu zikatwe ncha tu. Ukikata sana zitatoka damu.
– Kinywa: ufizi wa mbwa mzima una rangi nyekundu nyekundu. Ukiwa mweupe kama karatasi, damu imepungua. Mara nyingi ni kwa minyoo au kupe. Lakini mbwa asiyeweza kufunga kinywa, au anayetoa mate mengi, usimtie mkono kinywani. Soma kwanza sehemu ya 6.

Angalia sana jambo hili: usimpake mbwa mafuta machafu ya motokari, wala petroli, wala dawa ya kunyunyizia kahawa na nyanya. Watu wengi hufanya hivyo ili kuua viroboto. Mbwa anajilamba, sumu inaingia tumboni, anatetemeka na kufa. Na mtoto anayemshika naye anapata sumu hiyo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni kali pia. Usiitumie pasipo kuambiwa na munganga wa nyama kipimo chake.

5. WADUDU, MINYOO NA MAGONJWA MENGINE

Kupe. Hunyonya damu na kuleta homa. Mtoe kwa kibano au kwa vidole vilivyofungwa kitambaa: mshike karibu na ngozi, vuta polepole pasipo kupinda. Usimpasue kwa kucha. Mtupe motoni, kisha nawa mikono.

Viroboto. Si kazi ya kumwogesha mbwa peke yake, kwa kuwa mayai yao yako chini, katika vumbi na malazi. Fagia nyumba kila siku, choma takataka, anika mikeka juani.

Funza. Zamani huku kwetu hawakuwapo. Walivuka bahari kwa meli kutoka Brazil mpaka Angola mwaka 1872, wakaenea katika Kongo, na kabla ya mwaka 1900 walikuwa wamefika pwani ya Afrika ya Mashariki. Wanapenda vumbi kavu la sakafu. Mbwa na nguruwe wanawabeba miguuni na kuwaingiza nyumbani. Ukitoa funza miguuni mwa watoto na kuacha miguu ya mbwa, watarudi. Mwaga maji sakafuni kabla ya kufagia, au sakafu ikandikwe vizuri, na mbwa asilale ndani.

Upele. Manyoya yanatoka, ngozi inakuwa nene, mbwa anajikuna usiku na mchana. Unasababishwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Unaambukiza mbwa wengine, hata watu unaweza kuwawasha. Mtenge, mpeleke kwa munganga wa nyama, choma malazi yake.

Minyoo. Watoto wa mbwa wanaipata kwa mama yao, hata kabla ya kuzaliwa. Tumbo linavimba, manyoya hayang'ai, wanatapika au kuharisha. Wapewe dawa tangu wiki 2, tena kila wiki 2 mpaka miezi 3. Mbwa mkubwa apewe kila miezi 3. Mayai ya minyoo yanakaa katika mavi ya mbwa, na mtoto anayecheza udongoni huyameza. Basi zika mavi hayo, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Yako tena malengelenge ya maji katika maini ya mbuzi na kondoo: ndani yake mna wadudu wa tegu. Mbwa akila, tegu anakua tumboni mwake. Mayai yakimfikia mtu, malengelenge yanaota katika maini ya mtu. Wanaochinja wazike au wachome sehemu hizo, wasimtupie mbwa.

Malale. Katika mabonde ya joto yenye mbung'o, mbwa anaweza kupata homa, kukonda, na macho yake kuwa meupe kama yenye ukungu. Usifikiri ni uzee au uchawi. Mpeleke upesi.

Kuharisha damu. Ugonjwa huu ulianza kuonekana duniani mwaka 1978. Unaua watoto wa mbwa kwa siku chache: wanatapika, wanakataa chakula, wanaharisha damu yenye kunuka vibaya. Iko chanjo. Mgonjwa atengwe, apewe maji, na munganga aitwe siku ile ile.

6. KICHAA CHA MBWA

Huu ndio ugonjwa mkubwa. Wengine wanauita raje. Unakaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Unaingia kwa mtu kwa njia ya kuumwa, au mate yakigusa kidonda, jicho au kinywa. Kisha unafuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongo. Mara nyingi mtu hukaa mwezi 1 mpaka 3 akiwa mzima kabisa, pengine hata mwaka. Kwa sababu hiyo watu husahau mbwa, na mtu akianza kuugua wanasema amerogwa. Lakini ugonjwa ukifika ubongoni, mtu akaanza kuogopa maji na kupiga kelele, hakuna dawa ya kumponya. Karibu wote hufa.

Waganga wanahesabu kwamba duniani watu karibu 59.000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Na katika watu 100 wanaokufa, 99 waliupata kwa mbwa. Wengi ni watoto, kwa kuwa ndio wanaocheza na mbwa, na kwa kuwa ni wafupi, huumwa usoni, karibu na ubongo.

Dalili kwa mbwa ni hizi. Kwanza tabia inageuka: mpole anakuwa mkali, mkali anakuwa mpole kupita kiasi, anajificha gizani. Baadaye anazunguka pasipo njia, anauma miti, mawe na mbwa wengine, sauti yake inabadilika. Mate yanamtoka, taya la chini linalegea, hawezi kumeza. Mwisho miguu ya nyuma inalegea, anakufa. Wako wagonjwa wasio na ukali hata kidogo: wananyamaza tu, kinywa wazi. Hao wanadanganya watu. Mwenyewe anafikiri mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono, na mate yanaingia katika mikwaruzo yake. Usifanye hivyo kamwe.

Mbwa aliyekufa kwa kichaa asichunwe, asiliwe. Mzike chini sana, na mikono isimguse.

7. MTU AKIUMWA NA MBWA, AFANYE NINI?

Fanya mambo haya kwa mpango, pasipo kuruka hata moja.

Kwanza: osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15. Kama huna saa, endelea mpaka uone umechoka, kisha osha tena. Sabuni inaua mbegu za ugonjwa. Kazi hii mama anaweza kuifanya nyumbani, na inaweza kuokoa mtoto.

Pili: usitie pilipili, majivu, mafuta, manyoya ya mbwa wala majani. Usifunge jiwe jeusi ukifikiri litavuta sumu. Jiwe haliwezi kutoa kichaa, linapoteza siku tu. Kidonda kisishonwe upesi.

Tatu: nenda dispansere au lopitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Sindano za kinga hazitolewi mara moja tu: ya kwanza siku ya kufika, nyingine siku ya 3, nyingine siku ya 7, na zinazofuata kadiri ya agizo la munganga. Kidonda kibaya kinahitaji pia dawa nyingine inayotiwa ndani ya kidonda chenyewe. Si kila dispansere ina dawa hizi. Ukiambiwa hakuna, uliza ziko wapi, uende. Usirudi nyumbani kulala. Usikatize sindano kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda kinapona huku ugonjwa unatembea ndani.

Sindano hizi si jambo jipya. Louis Pasteur wa Ufaransa alianza kumkinga mtoto wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa, tarehe 6 Julai 1885, na mtoto yule akapona.

Nne: habari ya mbwa mwenyewe. Kama anaweza kufungwa pasipo hatari, msimwue. Mfungeni mahali imara siku 10, mpeni chakula na maji kwa mbali. Akiwa mzima baada ya siku 10, hakuwa na mate ya kichaa siku ile alipouma, na munganga ataamua kama sindano ziachwe. Akiugua, akifa au akipotea, sindano ziendelee zote. Lakini msingoje siku 10 ndipo mpeleke mtu. Mtu aende leo, mbwa afungwe leo.

Fikirini mfano huu. Watoto wawili wameumwa na mbwa mmoja njiani kutoka mashimoni. Baba wa kwanza anasema: «Ni mkwaruzo tu.» Anatia majani, anakwenda shambani. Baba wa pili anaosha kwa sabuni, anauza kuku wawili, anapanda piki piki na mtoto wake mpaka lopitali. Wiki ya kwanza watu wanamcheka baba wa pili, kwa maana watoto wote wawili wanacheza. Mwezi wa pili hakuna anayecheka tena. Fedha ya kuku hurudi, mtoto harudi.

8. KAZI YA KIJIJI KIZIMA

Mbwa achanjwe akiwa na miezi 3, tena kila mwaka. Mtu mmoja akichanja mbwa wake peke yake, amefanya vema, lakini kijiji hakijalindwa. Waganga wameona kwamba mbwa 70 katika 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Kisiwani Pemba, katika Tanzania, walichanja mbwa kwa mpango na ugonjwa ukaisha. Chanjo zilipolegea ukarudi mwaka 2016. Wakachanja tena, ukaondoka. Kuua mbwa wote hakufai: watu huficha mbwa wao, na wageni huja mahali pa waliouawa.

Basi, wakubwa wa vijiji, waandikeni mbwa wote katika daftari: rangi, mwenyewe, siku ya chanjo. Pelekeni hesabu kwa afisi ya ufugaji katika teritware, muombe siku ya chanjo. Huko Butembo Chuo Kikuu cha Graben kinafundisha waganga wa nyama; ulizeni na huko. Mbwa anayeletwa kutoka mashimoni afungwe kwanza, aulizwe chanjo yake, kisha ndipo azunguke. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya kichaa cha mbwa duniani kote. Wafundisheni watoto mashuleni siku hiyo.

Wala msifuge mbwa wengi kuliko mnavyoweza kulisha. Mbwa jike anabeba mimba karibu siku 63, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mbwa mmoja mwenye chanjo na tumbo lililoshiba analinda nyumba kuliko watano wenye njaa.

MAULIZO

1. Mbwa anayetikisa mkia ana furaha sikuzote? Eleza.
2. Kwa nini tusimpake mbwa dawa ya kahawa?
3. Funza walitoka wapi, na mbwa anawaletaje nyumbani?
4. Mbwa ana kinywa wazi na mate yanamtoka. Utafanya nini? Hutafanya nini?
5. Mtoto ameumwa sasa hivi. Taja mambo manne kwa mpango.
6. Katika kijiji chenu mna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa? Ulilo hili la mwisho usilijibu kwa kukisia. Inuka, nenda kahesabu.